Ulimwengu wa gemu yetu unaanzia kwenye upepo

Ukiuchukua mji wa kawaida wa gemu hizi za kusimulia, ule wenye kasri juu ya kilima na baa na mhunzi anaeuza mapanga, ukang'oa mialoni ukapanda minazi, mfalme ukamwita sultani na joka ukalihamishia ufukweni, bado ni mji ule ule tu. Wachezaji watafanya yale yale, wataingia, watauliza kazi ipo wapi, watakwenda pangoni wataua, watarudi na dhahabu. Mie nimekaa na jambo hili muda mrefu mana nataka ulimwengu wa kuchezea ambao mtu aliekulia Unguja au Pemba akiingia aone huku ndo kwetu, hata kama mna majini na wachawi na miji isiyokuwepo, na nilipofikia ni hapa: majina na mavazi hayatoshi, lazima sheria za mchezo zenyewe zibadilike zifuate vitu ambavyo watu wa visiwani wanavitii kila siku. Upepo. Maji kupwa na kujaa. Magharibi ikiingia. Mnyama mwenye mwenyewe.

Kwa ambao hamjawahi kuona, hizi ni gemu za kukaa pamoja na kusimulia. Mmoja ndo msimulizi, anaujua ulimwengu na anawasemea watu wote waliomo, waliobaki kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi, nguvu zake, uchawi wake, vitu alivobeba, na likitokea jambo la mashaka, kuruka ukuta au kumdanganya mlinzi, unatupa dadu. Ilofungua njia ni Dungeons & Dragons, ilitoka Marekani 1974, ya Gary Gygax na Dave Arneson, na dadu lake maarufu lina pande 20. Sisi tunachezea barzani kwenye mkeka. Wazee wengine wakiona dadu wanafikiria kamari moja kwa moja, na mie naona wana haki ya kuuliza, kwahivo tumekata vikaratasi vya namba 1 mpaka 20 tunavichanganya kwenye kikapu, unachomoa kimoja unakirudisha, hesabu ni ile ile na hakuna anaekereka.

Kuna ulimwengu mmoja wa gemu hiyo hiyo ulotoka 1991, Dark Sun, ambao nautolea mfano kila nikizungumza na watu wa mambo haya. Ni jangwa, na chuma ni adimu. Bas, kwa jambo hilo moja kila kitu kimegeuka, panga ni la mfupa au la jiwe na linaweza kukuvunjikia mkononi, pesa ni za udongo wa kuchoma, maji yana bei, na uchawi unanyonya uhai wa mimea kwahivo kila mchawi akifanya yake anaongeza jangwa na watu wanamchukia kwa sababu ya maana. Huhitaji kusomewa historia ya miaka elfu ujue upo wapi, panga likivunjika ushajua. Mie nataka kitu cha nguvu hiyo ila cha kwetu, na cha kwetu si ukame.

Kwetu mwaka unakatwa na upepo. Kaskazi inavuma kuanzia mwezi wa 12 hivi mpaka wa 3, halafu unageuka, masika yanapiga, Kusi linashika, likipamba mwezi wa 6 na wa 7 bahari haichezewi, likilegea ndo demani, na kati ya pepo mbili pana tangambili ambapo leo unavuma huku kesho kule. Majahazi ya Arabuni na Uajemi na Bara Hindi yalishuka na Kaskazi yakapanda na Kusi kwa mamia ya miaka, na hebu lifikirieni hilo vizuri, maana yake mtu alieshuka hawezi kuondoka kwa kutaka kwake. Anakaa. Anasubiri. Anapanga chumba, anakopa, anaoa, anagombana na mwenye nyumba, anajua habari za mtaa, na mtaa unamjua yeye.

Sasa ligeuzeni hilo liwe sheria ya gemu. Kwenye gemu za kawaida wachezaji wakiharibu mji mmoja wanahamia wa pili, na hili kila msimulizi analijua linavochosha, umekaa wiki nzima kumtengeneza kadhi na mtoto wake na ugomvi wao, wao wanaiba sanduku wanapanda farasi washaondoka. Kwenye visiwa vyangu (nimeviita Visiwa vya Tangambili) ukiiba mwezi wa 1 na njia yako ni ya kaskazini huna pa kwenda, utakutana na ulomuibia msikitini, sokoni, harusini, mpaka upepo ugeuke. Wachezaji wangu wamebadilika kwa hilo peke yake. Wameanza kuomba radhi! Wameanza kutafuta wazee wa kuwasuluhishia, kupeleka zawadi, kuuliza nani ni jamaa wa nani, mambo ambayo hakuna sheria ya kitabuni ilowalazimisha.

Na uadui nao umepata tarehe. Mtu mbaya alieondoka na Kusi huku akiapa atarudi, kila mtu anajua atarudi lini, kwahivo Kaskazi ikianza tu kuvuma na tanga la mwanzo likaonekana, watu wa barza nzima wananiangalia mie usoni. Sihitaji kutia muziki wa kutisha.

Nilipokuwa naandika sheria za safari nilikwenda kumuuliza ami yangu, amevua miaka mingi huko Nungwi. Nikamwambia, "Ami, mtu akitaka kwenda Mombasa mwezi wa saba kwa tanga tupu itakuwaje?" Akacheka, akasema, "Atafika mwanangu, Kusi litampeleka mbio mpaka ajute. Haya, na kurudi je?" Halafu akakaa akanieleza saa nzima habari za kuvizia umande, ule upepo wa alfajiri unaotoka nchi kavu, kusogea kidogo kidogo kwa kufata mwambao, kulala kwenye hori, kungoja tena. Yale yote nimeyatia. Kwenda na upepo kwenye gemu yangu ni jambo la kusimulia kwa sentensi moja, kurudi kinyume chake ni mchezo mzima, kila asubuhi unachomoa karatasi, kila hori unalolala lina wenyewe wanaouliza nyie kina nani.

Jambo jengine lilofata hapo sikulitegemea likue hivi. Uchawi wa kuita upepo kwenye gemu ya kawaida ni kitu kidogo, unamsukuma adui, unazima mshumaa. Ukiuleta kwenye ulimwengu ambao kila tajiri na kila mtawala anaishi kwa msimu, mtu anaeweza kuleta Kusi kwenye Kaskazi, hata kwa siku tatu, ni mtu wa hatari kuliko joka. Jahazi moja litakalofika Bara Hindi kabla ya mengine yote litauza kwa bei linayotaka. Kwahivo waita upepo kwangu wanajificha, wana majina ya bandia, wengine wamefungwa majumbani mwa matajiri na kupewa kila kitu isipokuwa mlango. Mmoja wa wachezaji wetu, msichana mdogo kuliko wote, amechagua kuwa hivo na hajawaambia wenzake.

Baada ya upepo ni maji. Watu wa Paje na Jambiani hawana haja ya kuelezwa, bamvua ikifika maji yanatoka mpaka unaona nchi mpya, unatembea mbali kwa miguu ulipokuwa unaogelea jana, na kina mama wa mwani tangu kilimo kile kianze 1989 wanapanga siku zao kwa hilo. Mwezi mchanga na mwezi mpevu ndo bamvua, katikati yake ni maji mafu, hayapwi sana wala hayajai sana. Mie pango langu kubwa mlango wake upo chini ya mwamba na unaonekana bamvua tu. Maji kutoka kupwa mpaka kujaa yanachukua masaa sita na dakika kidogo, na kitabu cha gemu kinasema mwenge mmoja unawaka saa moja, kwahivo wachezaji hawahitaji saa, wanahesabu mienge, na mwenge wa tatu ukizimika hata mropokaji wa kundi anashusha sauti. Ukiingia siku ya mwisho ya bamvua ukachelewa, maji mafu yakianza ndo bas tena, mlango hauonekani mpaka bamvua ya pili, karibu wiki mbili. Kundi letu limewahi kubishana jioni nzima waingie au wangoje, hakuna hata adui mmoja alietokea na ilikuwa katika jioni nzuri kabisa tulizocheza.

Ndani ya pango nimechukua mengi kutoka Pujini, kwa mtawala wa zamani Mkama Ndume, ngome ya karne ya 15 kule Pemba. Waliokwenda wanajua, kuna kuta za udongo na mawe, kuna chumba chini ya ardhi, na kuna kisima ambacho hadithi inasema aliwajengea wake zake wawili kikiwa na ukuta katikati ili wasionane wakiteka maji. Mie ningekaa mwaka mzima na kisima hicho. Maji ni yale yale pande zote mbili, mmoja akitia kitu mwenzake anakinywa, mmoja akizungumza mwenzake anasikia sauti bila ya sura. Nimekiweka kama kilivo, ila kwangu walioko pande mbili bado wapo, na kila mmoja anawaomba wachezaji wampelekee ujumbe wa upande wa pili, na kila mmoja anasema mwenzake ni muongo.

Siku ya kwetu inaanza Magharibi, Alkhamisi jua likizama ushaingia usiku wa Ijumaa. Kwenye sheria za kawaida mchawi anarudishiwa nguvu zake akilala masaa manane, popote, wakati wowote, na hili ndo linalofanya watu walale mchana ndani ya pango la monsta. Kwangu nguvu zinarudi Magharibi, kwa wote, kwa mkupuo mmoja, rafiki na adui. Ukiifikiria kidogo utaona Alasiri ndo saa ya udhaifu, kila mtu katumia alichonacho na bado hajajaziwa, kwahivo uvamizi wote wa visiwa vyangu unafanywa Alasiri na walinzi wote wanajua, wakisikia adhana ya Alasiri wanaongeza watu mlangoni.

Sasa chui. Unguja tulikuwa na chui wetu, na wazee wa mashamba hawakumuhesabu kama mnyama wa mwitu tu, kulikuwa na chui wa mwitu na chui wa kufugwa, wa kufugwa ana mwenyewe, anatumwa, na ukimdhuru umemgusa mtu. Leo hayupo tena kwa hesabu za wataalamu, na kuuliwa kwake kulichanganyika na kuwaandama waloambiwa wachawi. Jambo hili linaniuma, na ndo mana sikutaka chui wangu awe monsta wa kupigwa panga ngazi ya mwanzo. Gemu hizi kikawaida zinakulipa kwa kuua, umeua mnyama unaandikiwa pointi, pointi zikijaa unapanda levo. Mie nimeliondoa hilo. Kila mnyama mkubwa kwenye visiwa vyangu huenda ana mwenyewe, chui, chatu, papa wa mkondo, hata popo wakubwa wa msituni kama wale wa Kidike kule Pemba, na ukimuua huandikiwi pointi, unaandikiwa deni, bila ya kuambiwa la nani. Pointi unazipata ukimjua mwenyewe ni nani na kamtuma kwanini. Kwahivo wakisikia mkwaruzo kwenye paa usiku suali la mwanzo limekuwa "katumwa na nani huyu?", na mpelelezi wa kundi amekuwa na thamani kuliko mpiganaji.

Pesa na mizigo nitapita haraka. Mzigo tunahesabu kwa frasila, kilo 16 hivi, na chakula kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, ni rahisi na wachezaji wanaona kwa macho wanachobeba. Sarafu ni moja, nimeiiga reale ya Maria Theresa ilokuwa ikitumika hapa Zanzibar karne ya 19, ambayo hata ikipigwa miaka mia baadae imeandikwa mwaka ule ule 1780. Sarafu ya malkia aliekwisha kufa, mwaka haubadiliki, inakuja na majahazi kutoka nchi ambayo hakuna mtu visiwani aliewahi kuifika. Kundi letu limeshaanza kuulizana nchi hiyo bado ipo au haipo. Safari hiyo nitawapa wakiwa tayari.

Kwenye historia ushauri wangu ni mmoja, msiandike orodha ya wafalme. Angalieni 1872. Kimbunga kilipiga mwezi wa 4, kikaangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba kwa sehemu kubwa ikasalimika, na tangu hapo karafuu ikawa ni ya Pemba. Siku moja ya upepo na visiwa viwili vikabadilishana nafasi, vibarua wakahama, bei zikapanda, madeni yakageuka. Kwangu nimetia kimbunga kimoja tu, miaka arubaini nyuma ya mchezo kuanza, karibu ya kutosha kwamba bibi wa mhusika yeyote anakikumbuka. Kisiwa kikubwa kina majumba ya fahari na hakina kitu ndani, kisiwa kidogo kina mali na hakina heshima mbele ya wakubwa, na ukimuuliza mtu yeyote kwanini anamchukia jirani yake jawabu inarudi kwenye siku ile.

Yapo ambayo sikuyatia kwa makusudi. Popobawa, yule jini anaesemwa kuwavamia watu usiku majumbani, hayumo. Najua wageni wakisikia Zanzibar na gemu za kutisha ndo kitu cha mwanzo wanachokitaka, lakini 1995 watu walilala nje, familia nzima nzima kuzunguka moto, na walolala nje wengi wapo hai, wengine ni mama zetu. Halafu aya za Quran na dua hazimo kabisa kama uchawi, wala pepo yeyote ambae kuna mtu leo anaepandwa nae, pepo wote wa kwangu nimewabuni majina na tabia.

Utumwa ndo ulonichukulia muda. Ukijenga bandari ya Kaskazi ukasahau kwamba karne ya 19 msimu ukiingia watu walikuwa wakiwafungia watoto ndani wasije wakaibwa wakauzwa, umejenga uongo, umejenga kadi ya posta. Soko la hapa Mjini lilifungwa 1873, si zamani hivo. Lakini sitaki pia mtu akae barzani kwetu ahesabu binaadamu kama mizigo kwenye karatasi yake. Kwahivo kwangu biashara ile ishapigwa marufuku kwa jina na inaendelea kwa kificho, kama ilivotokea kweli, kuna mashimo ya mawe karibu na pwani kama ya Mangapwani, hakuna mchezaji anaeweza kuwa muuzaji, na kabla hatujaanza nalimuuliza kila mmoja peke yake kama yupo radhi jambo hili liwemo. Mmoja alisema lisielezwe kwa urefu, bas halielezwi kwa urefu.

Sasa hivi nipo kwenye kalenda. Mabaharia wa zamani na wakulima walihesabu mwaka wa jua kwa miongo, siku kumi kumi, miongo 36 inakuwa siku 360, zinabaki tano, na mwisho wake ndo mwaka unakogwa, Makunduchi mpaka leo mwezi wa 7 wanachoma kibanda na wanaume wanapigana kwa migomba halafu watu wanakula pamoja. Mie zile siku tano nimezitoa nje ya sheria zote nilizozitaja huku juu. Upepo hauna upande. Maji hayana bamvua. Nguvu hazirudi Magharibi. Mnyama hana mwenyewe. Nnachokitafuta ni mapigano yatakuwaje siku hizo, nataka mtu aweze kumpiga aliemkosea mbele ya watu wote, kwa mgomba, na likiisha liwe limeisha kweli kwenye karatasi, deni lifutwe, lakini kuna wachezaji wawili najua watangoja mwaka mzima wakikusanya madeni kwa makusudi ili wayafute kwa siku tano, kwahivo nafikiria nguvu ya kufuta awe nayo aliekosewa peke yake, na pigo lisihesabike mpaka aseme limetosha.